Historia ya Vigari vya Kuchezea na Ufundi wa Kuvitengeneza Upya

Watu wengi hudhani kwamba historia hukaa katika majumba makubwa, katika makaburi ya wafalme na katika mikataba iliyotiwa sahihi. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Kitu kidogo kilichowahi kukaa mfukoni mwa mtoto nacho huweza kutusimulia habari za zama zake: watu walijua ufundi gani, walipigana vita gani, walitamani nini, na waliwafikiriaje watu wa nchi za mbali. Katika insha hii tutazame vigari vidogo vya madini ambavyo vimechezewa duniani kwa zaidi ya miaka mia moja. Tutaona jinsi vilivyoanza na jinsi vilivyoenea. Kisha tutaangalia kazi ya wale wanaoviokota vikiwa vimechakaa, wakavisafisha, wakavipaka rangi na kuvirudishia magurudumu. Kazi hiyo ni uraibu tu, haimlishi mtu. Lakini ndani yake mna swali ambalo kila mwanafunzi wa historia hana budi kulijibu. Tukipata kitu cha kale kilichoharibika, tuna ruhusa ya kukibadili kwa kiasi gani?

Asili ya vigari hivi haikuwa katika duka la vitu vya watoto, bali katika karakana ya wapiga chapa. Zamani herufi za kuchapia zilipangwa kwa mkono, moja moja, na kazi ilikuwa ya taabu. Mwaka wa 1886 gazeti moja la New York lilianza kutumia mtambo wa Ottmar Mergenthaler, fundi aliyezaliwa Ujerumani akahamia Marekani. Mtambo huo uliyeyusha risasi, ukaisukuma katika kalibu, ukatoa mstari mzima wa maneno kwa mara moja. Mwaka wa 1893 palikuwa na maonyesho makubwa katika mji wa Chicago. Ndugu wawili wa ukoo wa Dowst, waliokuwa wakichapa gazeti la wenye kazi ya udobi, waliuona mtambo wa namna hiyo, wakatambua jambo ambalo wengine hawakulitambua: kalibu inayotoa herufi yaweza pia kutoa kifungo cha nguo, kipambo, au kitu cha kuchezea. Kufikia mwaka wa 1911 walikuwa wamesubu motokaa ndogo, na miaka michache baadaye wakasubu mfano wa Ford ya aina ya T, gari lililokuwa likijaa katika barabara za Marekani wakati ule. Baadaye vigari vyao vilijulikana kwa jina la Tootsietoy.

Yafaa tueleze kazi yenyewe, maana ndiyo iliyoleta mapinduzi. Fundi huchonga kalibu ya chuma kigumu yenye pande mbili zinazofumbana. Ndani ya uwazi wake mna umbo la gari lote: milango, taa, madigadi, hata vishikio vidogo vya mlango. Madini yaliyoyeyuka husukumwa humo kwa nguvu, hupoa mara moja, kalibu hufunguliwa, na bodi ya gari hutoka ikiwa tayari. Kuichonga kalibu ni kazi ya muda mrefu na ya gharama kubwa. Lakini ikishakwisha, kalibu moja huzaa maelfu kwa maelfu ya vigari vinavyofanana. Kwa sababu hiyo kigari kilichokuwa cha mtoto wa tajiri kikawa cha mtoto wa mfanyakazi pia.

Nchini Uingereza kazi hii inahusiana sana na jina la Frank Hornby wa Liverpool. Mwaka wa 1901 bwana huyu alipata hati ya haki ya ubunifu kwa ajili ya vipande vya chuma vyenye matundu, ambavyo mtoto aliviunganisha kwa skrubu akajenga daraja au winchi. Ndivyo vilivyoitwa Meccano. Mwaka wa 1920 akaanza kuuza gari moshi la kuchezea. Stesheni ya gari moshi bila motokaa nje yake ilionekana ukiwa, basi mwaka wa 1933 kampuni yake ikatoa vigari sita vya kuipamba: viwili vya abiria, lori, gari la kupelekea bidhaa, trekta na kifaru cha vita. Mwaka uliofuata vikapewa jina la Dinky Toys. Kwa kuwa vilifanywa vilingane na gari moshi hilo, ukubwa wake ulikuwa karibu sehemu moja ya 43 ya motokaa ya kweli. Na hata leo kipimo hicho kinapendwa na wakusanyaji wengi, ijapokuwa wengine hawajui kilikotoka.

Mwanzoni vigari vilisubiwa kwa risasi, madini laini, mazito, na yenye sumu. Mnamo mwaka wa 1929 kampuni moja ya Marekani ilikamilisha mchanganyiko mpya ambao sehemu yake kubwa ni zinki, na alumini kiasi cha sehemu nne katika mia, pamoja na magnesi na shaba kidogo. Zinki huyeyuka kwenye joto la digrii 419 za Selsiasi, joto lisiloiharibu kalibu upesi, na mchanganyiko wake ni mgumu kuliko risasi. Watengenezaji wakaufurahia. Lakini ulikuwa na siri mbaya. Ukiingiwa na risasi, hata kidogo sana, madini huanza kuliwa kutoka ndani. Kigari hutoka kiwandani kikiwa kizuri, kikakaa miaka, kisha kikavimba, kikapasuka nyufa, na mwisho kikavunjika vipande kama biskuti kavu. Joto lenye unyevu, kama la pwani yetu, huharakisha maradhi hayo, wala dawa yake haijapatikana. Vigari vingi vya Dinky vilivyofanywa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vilipotea kwa njia hiyo. Mafundi walijifunza kwamba zinki haina budi iwe safi kabisa. Lakini elimu hiyo haikuviokoa vile vilivyokwisha kusubiwa. Kosa la siku moja katika chungu cha kuyeyushia lilidhihirika baada ya miaka mingi, wakati waliolitenda hawapo tena.

Vita vilipokuja, madini yalitakiwa kwa silaha, na mwaka wa 1942 serikali ya Uingereza ikapiga marufuku utengenezaji wa vitu vya kuchezea vya madini. Amani iliporejea watoto walikuwa na njaa ya michezo. Mwaka wa 1947, mjini London, Leslie Smith na Rodney Smith, marafiki waliokuwa na jina moja la ukoo bila kuwa ndugu, waliunda kampuni. Wakachukua herufi za mwanzo za jina la mmoja na za mwisho za jina la mwenzake, wakaiita Lesney. Karakana yao ya kwanza ilikuwa baa kuukuu iliyoharibiwa na mabomu. Baadaye fundi hodari, Jack Odell, akajiunga nao.

Hapa historia ya kitu kidogo inakutana na historia ya nchi yetu. Mwezi wa Juni mwaka wa 1953 Malkia Elizabeth wa Pili alitawazwa. Lesney wakasubu mfano mdogo wa gari la farasi lililombeba Malkia, wakauza zaidi ya milioni moja. Mwaka uo huo, kwa kuadhimisha kutawazwa huko huko, madereva walianza mashindano ya motokaa yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakiitwa Coronation Safari. Wakati ule Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952, na maelfu ya watu walikuwa wakiteseka katika vita vya kudai ardhi na uhuru. Basi sherehe moja ilizaa kigari mikononi mwa watoto wa London na vumbi la mashindano katika barabara zetu, huku wenyeji wakiwa na shughuli nyingine kabisa. Mwanahistoria ayaone yote pamoja. Asichague lile linalong'aa tu.

Fedha za gari la Malkia ziliiwezesha kampuni kufanya jambo jipya. Inasimuliwa kwamba katika shule ya binti yake Odell watoto waliruhusiwa kuleta vitu vya kuchezea vinavyoweza kuingia katika kibweta cha kiberiti tu. Odell akaipunguza mashine ya kushindilia barabara mpaka ikaenea humo. Watoto wa shule wakaipenda, na mwaka wa 1953 ukaanza mfululizo wa vigari vya Matchbox, jina lenye maana ya kibweta cha kiberiti. Vigari hivyo havikufuata kipimo kimoja. Basi kubwa na motokaa ndogo vilikatwa ili viingie katika kisanduku kile kile. Bei yake ilikuwa ndogo, na mtoto aliweza kukinunua kwa akiba yake mwenyewe.

Mwaka wa 1956 akatokea mshindani mwingine, Corgi, aliyetengenezewa mjini Swansea. Kampuni yake, Mettoy, ilianzishwa na Philip Ullmann, Myahudi aliyekuwa na kiwanda cha vitu vya kuchezea nchini Ujerumani, akakimbilia Uingereza mwaka wa 1933 Wanazi walipotwaa madaraka. Vigari vya Corgi vilijisifu kwa vioo vya madirisha, jambo ambalo wenzao hawakuwa nalo. Mwaka wa 1965 kampuni hiyo ilitoa kigari kinachotuhusu sisi: Volkswagen ya mashindano ya East African Safari, ikiandamana na sanamu ndogo ya kifaru. Volkswagen ilistahili heshima hiyo, kwa maana ilishinda mashindano hayo mwaka wa 1954, wa 1957 na wa 1962. Lakini tazama yule kifaru. Kenya ilikuwa huru kwa miaka miwili, ina bunge, shule na miji. Hata hivyo mtoto wa Ulaya aliyefungua kisanduku alikutana na mnyama wa porini aliyewekwa mbele ya motokaa. Kisanduku kile ni hati. Chatueleza habari za motokaa, na chatueleza pia jinsi tulivyotazamwa.

Mapinduzi ya mwisho yalitoka Marekani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wa California walizoea kununua motokaa kuukuu, wakazikata, wakazishusha karibu na ardhi, na kuzipaka rangi za kumetameta, hata gari la kiwandani likawa kama la mwenyewe peke yake. Mwaka wa 1968 kampuni ya Mattel, iliyoongozwa na Elliot Handler, ilitoa vigari kumi na sita kwa jina la Hot Wheels. Mchoraji wake, Harry Bentley Bradley, alikuwa ametoka katika kampuni ya General Motors. Ekseli zake zilikuwa nyembamba kama waya, magurudumu yakateleza upesi mno, na rangi zake ziling'aa kama vito. Vigari vya zamani vilionekana mara moja kuwa vizito kama kobe. Mwaka wa 1969 Matchbox ikalazimika kubadili magurudumu yake. Lakini ushindani, gharama na mabadiliko ya biashara viliwashinda Waingereza: kiwanda cha Dinky cha Liverpool kilifungwa mwaka wa 1979, Lesney ikafilisika mwaka wa 1982, na Mettoy mwaka wa 1983. Jina la Matchbox lilipita katika mikono kadhaa, hata mwaka wa 1997 likaingia mikononi mwa Mattel, yule yule aliyekuwa mshindani wake.

Viwanda vilipokufa, watoto wa zamani walikuwa wamekuwa watu wazima. Wakaanza kuvitafuta vigari vyao katika visanduku vya darini na katika masoko ya vitu vikuukuu. Walivikuta vimebanduka rangi, ekseli zimepinda, mipira ya magurudumu imekauka na kupasuka. Hapo ndipo ulipokomaa ufundi wa kuvitengeneza upya.

Kazi huanza kwa kufungua. Bodi na sakafu ya kigari hushikamanishwa kwa ribiti. Fundi hukipunguza kichwa cha ribiti kwa keekee polepole, akichunga asikiharibu kiguzo chake, maana kiguzo hicho ndicho kitakachopokea skrubu wakati wa kufunga. Vioo na viti vya plastiki huondolewa kwanza, kwa kuwa dawa ya kutoa rangi huviyeyusha. Kisha bodi hupakwa dawa hiyo mpaka rangi ya kale ilegee. Hapa mwanafunzi wa kemia atafaidi masomo yake, maana zinki huliwa na asidi, na tena huliwa na magadi makali yaitwayo sodiamu haidroksidi. Asiyejua hayo ataitia bodi katika dawa kali ya kusafishia, na atakapoitoa ataikuta imechimbika. Wala rangi za kale hazikwaruzwi kavu. Nyingi zina risasi, na vumbi lake ni sumu. Yafaa kazi ifanywe penye hewa, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Bodi ikiwa tupu huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, na hutazamwa kwa kioo cha kukuzia kama ina nyufa za ule ugonjwa wa zinki. Ikiwa imeugua, fundi mwenye busara huiacha. Ikiwa nzima, hulainishwa kwa msasa mwembamba, hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, tabaka nyembamba moja baada ya nyingine, kila moja ikiachwa ikauke. Haraka ndiyo adui mkubwa hapa. Rangi nzito iliyopakwa mara moja huzika vishikio vya milango na mistari ambayo mchonga kalibu aliitolea jasho. Baadaye taa na bamba hupakwa kwa burashi ya nyuzi chache, ekseli hunyoshwa, mipira mipya huvishwa, na sakafu hurudishwa kwa skrubu.

Sasa turudi katika swali letu. Wako wasemao kwamba kigari cha kale kisiguswe kamwe. Rangi yake ya kwanza, hata ikiwa imebanduka, ilipakwa na mikono ya wafanyakazi wa Liverpool au wa London, ikishatolewa, hairudi. Mkwaruzo wake ni alama ya mtoto aliyekiburura sakafuni. Kwa hiyo wakusanyaji hulipa zaidi kwa kigari chenye rangi yake ya asili kuliko kwa kile kilichopakwa upya, hata kama cha pili kinapendeza macho. Wengine hujibu kwamba kitu kilichokwisha kuharibika kabisa hakina la kutueleza tena, na kwamba kukirudishia sura ni kukiheshimu.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki, lakini hazina haki mahali pamoja. Kigari adimu, chenye rangi yake, kisanduku chake na kifaru wake, ni hati. Na hati haiandikwi upya kwa sababu wino wake umefifia. Husafishwa vumbi, ikahifadhiwa penye ukavu. Kigari cha kawaida, kilichotengenezwa kwa maelfu na kubaki chuma kitupu, chaweza kufufuliwa bila kumdhulumu mtu. Na yule anayependa kukibadili kabisa, akakipa magurudumu mengine na rangi isiyowahi kutoka kiwandani, afanye hivyo kwa moyo mweupe, maana hadai kwamba ni cha kale. Anatumia kitu cha zamani kusema neno lake mwenyewe, kama walivyofanya vijana wa California.

Uovu uko mahali pamoja tu: katika kuficha. Mtu akikipaka kigari upya, akakiuza kama cha asili, amesema uongo mara mbili; amemwibia mnunuzi fedha, na ameiharibu historia. Ndiyo maana fundi mwaminifu hutumia skrubu iliyo wazi badala ya kuiga ribiti ya kiwandani, au huweka alama chini ya sakafu ili atakayekuja baadaye ajue kipi ni cha kale na kipi ni cha jana.

Tusidhani kwamba jambo hili liko mbali nasi. Watoto wengi wa Kenya ambao hawakupata kuviona vigari vya Swansea walijitengenezea vyao kwa waya, mabati ya makopo na soli za ndala, wakaviongoza kwa fimbo ndefu yenye usukani. Kila kimoja kilikuwa tofauti na mwenzake, wala hakikuwa na kalibu. Katika hivyo, ni vichache vilivyowekwa. Vilionekana takataka, vikatupwa. Basi enyi vijana, mkikuta kimoja kwenye dari ya nyanya yenu, kimepinda na kushika kutu, msikimbilie kukinyosha wala kukipaka rangi. Kwanza ulizeni ni nani aliyekifanya, mwaka gani, na waya ule ulitoka wapi; yaandikeni majibu, na karatasi hiyo iwekwe pamoja na kigari. Mkisha kufanya hivyo, ndipo mnaweza kuanza kufikiri kama kinahitaji gurudumu jipya.